Gari Hukazwa Imebeba Watu Wake

Simu ilinikuta nimesimama dirishani na kikombe mkononi, maana mimi chai nakunywa nimesimama, na wali nikiachiwa naula nimesimama, na wajukuu zangu wanasema bibi hata kaburini atazunguka. Sauti ilikuwa ya mwanamke nisiyemjua. Akaniuliza kama ndiye Zaituni fundi, yule wa Buyenzi. Nikasema ndiye, kama bado yupo. "Mi ni Speransi, mutoto ya Deo," akasema. "Baba ametimiza mwaka tangu atuache. Jumamosi tunaganduka, mama anataka kwenda kanisani na gari ya baba, na ile gari inagonga kule mbele. Mafundi watatu wameiangalia, kila mutu na yake. Baba alikuwa anasema, ikishindikana kabisa, mutafute dada Zaituni." Kuganduka ndiyo siku familia inavua msiba, watu wanakula pamoja na maisha yanaanza tena. Nilijua Deo amefariki. Siku ya mazishi yake nilisingizia malaria, nikajifunika shuka mchana kutwa, mzima wa afya, nikahesabu mabati ya dari.

Niseme mapema, maana nikizunguka nitaishia njiani. Mwaka niliotimiza ishirini na mbili nilimfanyia Deo kitu kibaya, na mpaka simu ile ilipolia aliyekijua ni mimi na Mungu wangu. Kwa miaka mingi, nikiiona ile gari yake ya rangi ya krimu, ya Kifaransa, yenye mkia mrefu na taa za duara, inakuja barabarani, nilikata kona. Nilikata kona hata mahali pasipo na kona. Mara moja niliingia duka la majeneza nikasimama humo nikiuliza bei, ili tu ipite. Watu wananiita kiguu na njia, wanadhani ni tabia niliyozaliwa nayo. Nusu ni tabia, lakini nusu ilianza mwaka ule.

Garaji ya Mzee Nasoro ilikuwa na chumba kimoja cha matofali na uwanja ulioezekwa mabati nusu, nusu jua. Chumbani vipuri vilining'inia kwenye misumari mpaka darini, na chini yake palikuwa na kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi, ambacho mgeni akikaa lazima ainuke na mafuta matakoni. Mzee alikuwa wa zile familia za Waarabu walioishi Buja, yaani Bujumbura, tangu zamani, anavaa kanzu nyeupe garajini na haichafuki, mpaka leo sijui alifanyaje. Wateja wake aliwapokea nyuma ya ukuta wa mabati, akidhani wanaongea faragha, na sisi uwanjani tukisikia kila neno. Saa saba sinia ilikuja kutoka nyumbani kwake: ugali wa muhogo, ndagala, vile vidagaa vya ziwani, kwenye mawese, mchicha wa lenga-lenga, na Ijumaa pilau. Mzee alisema bismillahi, Deo alifanya ishara ya msalaba, na mimi hapo nilishameza matonge mawili. "Huyu mutoto atakula na sinia yenyewe," Mzee alikuwa akisema, na Deo alicheka kimya, mabega yakitikisika.

Deo alikuwa amenizidi miaka mitatu hivi. Alikuja kwa miguu kutoka Kinama kila asubuhi, mrefu, mpole, mzito wa kusema. Tulimtania kwamba ukimuuliza saa leo, atakujibu kesho. Mimi nilikuwa mwanamke pekee aliyeshika spana mtaa ule mzima, na wanaume walipita makusudi kuona miguu yangu ikichungulia chini ya gari, wakatoa hukumu zao. "Atavunja." "Ataolewa ataacha." Nilikuwa nawajibu, tena kwa ukali, lakini kila jioni nilirudi nyumbani na maneno yao tumboni. Nilijua kosa la Deo lingekuwa kosa la Deo. Kosa langu lingekuwa kosa la wanawake wote, na kwa hiyo niliamua sitakosea, kana kwamba hilo ni jambo la kuamua.

Mzee Nasoro alikuwa na desturi mbili ambazo hakumsamehe mtu akizivunja. Ya kwanza, usifungue bolti hata moja kabla hujamsikiliza anayeiendesha. Ya pili ilihusu mbele ya gari, kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Kila mkono umeungwa na bodi kwa mpira mdogo, bushi, na ule mpira hushikwa na bolti katika hali uliyomo wakati wa kukaza. Ukikaza gari ikiwa juu ya kriki, yaani jeki, magurudumu yananing'inia, basi siku zote gari ikisimama chini ule mpira umesokotwa, na baada ya wiki chache unachanika. Kwa hiyo Mzee alishusha gari kwanza, kisha akaita watu wanaoipanda kila siku waingie wakae, baba, mama, watoto, hata kuku kama walizoea kubeba kuku, ndipo fundi anajipenyeza chini na kukaza. "Gari hukazwa imebeba watu wake," alisema, na mtaa mzima ulimcheka. Kama wenyewe hawapo aliita wapita njia. Nimeona wauza mandazi wanne wamekaa ndani ya gari ya mkurugenzi, beseni magotini, wametulia kama wanapigwa picha.

Ile gari ya krimu wakati huo ilikuwa ya Madamu Leokadia, mkunga wa Kanyosha, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Haikuwa mpya hata siku hizo. Alikuja siku moja akashuka akiwa ameshika kiuno. "Inagonga," akasema. "Nikikanyaga freni, ko. Nikiingia mu shimo, ko. Mukono ya kushoto. Na inanivuta, kama punda iliona majani." Mimi nikadakia kabla hajamaliza kwamba hizo ni amotiseri zimekufa, zile shokapu za kuzuia gari isirukeruke. Deo alikwenda akaegemea bodi juu ya gurudumu la kushoto, akaikandamiza kwa uzito wake wote, akaiachia. Gari ikapanda mara moja, ikatulia. Amotiseri iliyokufa ingeendelea kuchezacheza. "Apana," akasema, "hizi ziko nzima." Mzee akaniambia niendeshe polepole uwanjani, na Deo akatembea kando ameinama, sikio karibu na gurudumu. Kisha tukaiinua. Deo akashika gurudumu juu na chini akalitikisa, halikucheza, kwa hiyo rulima na rotili, yaani beringi na viungo vya gurudumu, zilikuwa salama. Akachukua nondo, akaipenyeza kati ya mkono wa chuma na bodi, akasukuma kidogo. Mkono ukacheza kama jino la mtoto. "Ni mipira," akasema, na Mzee akamgonga begani mbele ya Madamu na mbele yangu.

Niliona wivu, na sitaupaka rangi. Deo akatumwa kwa mfanyabiashara mmoja sokoni kununua mipira mipya, na kazi ya kuifunga nikapewa mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa mbele ya gari peke yangu. Siku hiyo, Jumamosi, mvua ilishuka tangu asubuhi. Mzee alikwenda kuhani msiba, Deo aliitwa Gasenyi kuvuta lori lililozama matopeni. Madamu alikuwa chumbani kwenye kile kiti cha basi, anaangalia saa, anapiga miayo, anauliza bado? Mtaa wa tatu kulikuwa na harusi, nilisikia vigelegele vinapasua mvua, na mimi nilikuwa nimealikwa. Nikamaliza kupachika mipira, gari iko juu, zimebaki bolti. Nilitakiwa nishushe, nimtoe Madamu nje kwenye mvua, niite watu watatu waliojibanza kwenye baraza ya jirani, niwabembeleze waingie, kisha nilale kwenye maji. Ni robo saa tu. Mpaka leo naipima ile robo saa, na sioni imejaa nini. Nilikaza gari ikiwa hewani, nikaishusha, Madamu akaenda zake, na kwenye harusi nilicheza mpaka viatu vikalia maji.

Baada ya wiki tatu Madamu alirudi, na safari hii hakushika kiuno. Aliingia moja kwa moja nyuma ya mabati kwa Mzee, na sisi uwanjani tukaacha kugonga. "Nilikuwa na mama ya uchungu kule nyuma," sauti yake ilitetemeka, na sikuwahi kuisikia ikitetemeka. "Tunashuka kule mulimani. Nakanyaga freni, gari inakimbilia mu mutaro. Gurudumu limeingia. Mutoto amezaliwa pale pale, mu kiti, mvua inapiga mabati. Ako muzima, Mungu ni mukubwa. Lakini Mzee Nasoro, we uliniambia imepona." Nilisikia kiti cha Mzee kinasogea, na kabla hajatokea nilishaiweka spana chini.

Tuliifungua gari hapo hapo. Mzee akauweka ule mpira kiganjani, umechanika katikati, mpya, bado una harufu ya dukani. Akauliza nani alinunua. Deo akasema ni yeye. Akauliza nani alifunga. "Mi, patro," nikasema, maana ndivyo tulivyomwita bosi wetu, na mdomo wangu ukaendelea wenyewe: "na nilikaza ikiwa chini, imebeba watu. Vile ulitufunza." Wapita njia walishajaa kwenye lango, wale wale wa kila siku. Mzee akamgeukia Deo. "Basi ni mpira ya uongo. Umeninunulia mpira ya uongo, ukaiweka chini ya mama mja mzito." Deo akasema alinunua mipya, ndani ya boksi, kwa yule yule mfanyabiashara. Mzee akamwambia: "Kama mpira ni muzuri, basi Zaituni ni muongo. Sema. Zaituni ni muongo?" Deo akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama anavyotazama gurudumu, anasikiliza. Hakuwepo siku ile, hakuona kitu. "Mi siwezi kusema dada Zaituni ni muongo," akasema. Nilikuwa na muda wa kufungua mdomo. Nilikuwa na muda mwingi tu.

Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Nilikwenda nyuma kwenye pipa la maji nikalia, nikalia kwa kwikwi kama mtu aliyefiwa, na Deo akanifuata huko na kifurushi chake kwapani. "Usilie, dada," akasema. "Rizki haiko mu garaji moja." Akanipa ile nondo yake, akasema anajua mimi ndiye nitaitumia. Nikaipokea! Mkono wangu huu uliipokea. Alikwenda Kinama, nikasikia anatengeneza baiskeli kando ya barabara.

Mnaweza kusema woga ni woga, na binti wa miaka ishirini na mbili atasamehewa. Basi ngojeni. Keshokutwa yake Mzee alikwenda mwenyewe sokoni kununua mipira, akarudi na boksi mkononi, akasimama mlangoni akiliangalia. Lilikuwa boksi lile lile, rangi ile ile, kutoka duka lile lile. "Zaituni, mwanangu," akasema polepole, "hii si ndiyo ile ile?" Nikauchukua mpira, nikaubonyeza kwa kidole gumba, nikaupima kama mjuzi. "Apana, patro. Ile ilikuwa nyepesi." Uongo wa kwanza ulinitoka kwa hofu. Wa pili niliupika, nikautia chumvi, nikauandaa. Tukafunga ile mipira, tukashusha gari, Madamu akaingia na wauguzi wake wawili na jirani mmoja wa kujaza nafasi, nikakaza. Gari ikapona kabisa. Kila ilipopita kimya mbele ya garaji, ukimya ule ulinisuta kuliko kugonga.

Nikawa fundi mkubwa wa mbele za magari, sina haja ya kuficha. Miaka mibaya ilikuja, ikapita, Mzee Nasoro alifariki, garaji ikageuka duka la simu. Deo alisimama tena kwa miguu yake, akafungua kagaraji kake Kanyosha, na Madamu Leokadia alipochoka kuendesha, ile gari aliiuza kwake. Kwa nini kwake, sikuuliza. Mara mbili nilipanda teksi kwenda kumwambia, mara mbili nikashukia njiani na kununua nyanya. Nyumbani walishangaa nyanya zote zile za nini.

Basi Alhamisi nilikwenda Kanyosha, na hakukuwa na nyanya za kuniokoa. Speransi ni mrefu kama baba yake lakini haraka yake ni yangu, anaongea huku anatembea, sentensi inaishia chumba kingine. Uwanjani wanawake walikuwa wanachambua mchele na kumenya ndizi kwa ajili ya Jumamosi. Mjane wa Deo, Mama Speransi, alinishika mikono yote miwili. "Ni wewe," akasema. "Deo alikuwa anasema, siku walimufukuza, mutu mumoja tu alilia." Nikasema ndiyo, nililia. Nikataka kukimbia. Badala yake nikavua kitenge cha juu, nikaomba katoni, nikalala chini ya gari na magoti yangu haya mabovu.

Nilisikiliza kwanza: Speransi alisema inagonga tangu mwezi jana, mkono wa kushoto, kwenye freni na kwenye shimo. Nilikandamiza bodi, ikatulia. Nikashika gurudumu, halikucheza. Nilikuja na ile nondo, sijui kwa nini, nikaipenyeza, mkono wa chuma ukacheza. Mpira ulikuwa mpya, umechanika katikati. Speransi alikuwa amechuchumaa kando, kichwa chini, anachungulia. "Ni yule muuzaji," akasema kwa hasira. "Aliniuzia mpira ya uongo. Nimekwenda dukani kwake, nimemutukana mbele ya watu, na nitarudi." Nikamuuliza nani alifunga. "Mi mwenyewe, nilikuwa naangalia baba akifanya." Nikamuuliza alikaza gari ikiwa wapi. "Juu ya kriki, sasa iwe wapi? Baba alikuwa anatuita sote tukae ndani, ye anaingia chini. Tulidhani ni muchezo yake ya kutuchekesha."

Nilibaki nimelala, chuma kiko shibri moja juu ya pua yangu. Neno moja tu, lile lile la "nyepesi", lingetosha. Angelipokea kama nilivyopokea nondo, mama angekwenda kanisani, na mfanyabiashara wa watu angebeba lawama. "Speransi," nikasema, "mpira ni muzuri. Kosa ni ya kukaza." Na kwa kuwa nilishaanza, nikamwambia yote nikiwa chini pale: mvua, harusi, Deo yuko Gasenyi, nilivyosema nilikaza imebeba watu, boksi la pili, pipa la maji, machozi yalikuwa ya nini. Nikamwambia baba yake alifukuzwa kwa ajili yangu na alikufa bila kujua. Nilimaliza. Niliona viatu vyake tu.

"Toka chini," akasema.

Nilitoka, nikajipangusa, nikadhani ananionyesha njia ya lango, na ningekwenda. Alikuwa ameshika mpira mwingine, wa akiba, ameuchomoa mfukoni. Aliupachika mwenyewe, mimi nikimulika kwa simu. Kisha akashusha kriki mpaka gari ikakaa chini kwa uzito wake, akaita: "Mama! Kuja ukae mu gari!" Mama Speransi akaja anacheka, anafuta unga mikononi, akaingia kiti chake cha mbele bila kuuliza, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Wajukuu wawili wakajitupa nyuma. Nikanyoosha mkono kuomba spana, maana fundi ni mimi.

"Apana. Mi nakaza," Speransi akasema. "Kiti ya baba iko tupu. Ingia we."

"Speransi, mwanangu—"

"Gari hukazwa imebeba watu wake. Si ndiyo umenifunza sasa hivi? Kaa. Na usitingishike, utaniharibia kazi." Akainama kulala kwenye katoni, kisha akainua kichwa, macho yamejaa maji. "Mi umeniambia. Mama yuko kando yako."

Nikaingia. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu, na usukani ulikuwa umelika sehemu mbili, pale mikono yake ilipozoea. Chini yetu spana ikagusa bolti. Mimi ambaye chai nainywa nimesimama, nikakaa, mgongo kwenye kiti, mikono magotini, mlango umefungwa. Mama Speransi akanigeukia, bado anatabasamu, akisubiri niseme kitu.

"Mama Speransi," nikasema, "siku ile mvua ilikuwa inanyesha."